Masikio ya Paka wa Bi Mwasiti

Yule paka alikuwa anapumua. Nilimwona. Ubavu wake ulipanda na kushuka taratibu chini ya kitambaa cheupe, kama unga wa maandazi unavyoumuka ukiwa umefunikwa, na mimi nilikuwa umbali wa hatua nne tu, jicho langu la kulia nimelibana kwenye tundu la ua wa makuti. Kwa karibu miaka arobaini nimewaambia watu, na kwanza kabisa nimejiambia mwenyewe, kwamba sikuona vizuri, kwamba jua lilikuwa machoni, kwamba mtoto wa miaka tisa hawezi kutofautisha paka aliyelala na paka aliyekufa. Uongo. Mtoto aliyekulia jirani na banda la kuku anaijua tofauti hiyo kuliko hakimu.

Ningependa kusema kwamba nakiri kwa sababu dhamiri imenielemea. Ukweli ni kwamba nimekamatwa.

Nina nyumba isiyokwisha huko Soga, upande ule ambao treni mpya ikipita madirisha yanaitikia. Majirani tuna kundi letu kwenye simu, la kuulizana umeme umerudi au bado, na hivi karibuni mjadala ulikuwa paka shume. "Wamezidi," aliandika mmoja, "jana wamefunua sufuria jikoni kwangu, wamekula, na mfuniko wameuacha chini." Mwingine akajibu, "Sumu tu jamani, siku mbili kazi imekwisha." Nami, ambaye sijawahi kuona kimya nikakiacha kilivyo, nikaandika waraka mzima. Msiwaue, nikasema, mkiwaua hawa watakuja wengine kuchukua nafasi, tena wenye njaa zaidi. Wakamateni mmoja mmoja, wahasiwe, warudishwe pale pale walipozoea, walishwe saa ile ile kila siku. Aliyekwisha kufanyiwa akatwe ncha ya sikio angali usingizini, ili asije akakamatwa mara ya pili bure.

"Dada Tumaini," mtu akauliza, "wewe si mwalimu wa fasihi? Haya umeyajulia wapi?"

Nikajibu bila kufikiri kwamba nimelelewa na mama mmoja, jirani yetu kule Sofu, mpishi, aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Nimelelewa! Neno hilo lilitoka kwenye kidole changu laini kabisa, kama mtu anayejipaka mafuta ya mwenzake. Dakika tatu baadaye akatokea binti mmoja ambaye humo kundini huwa haandiki kitu isipokuwa "Amina".

"Sofu? Mpishi mwenye paka? Huyo ni bibi yangu. Yuko kwake Marui. Nitamwambia."

Nitamwambia. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikafanya ngozi juu.

Sofu ya wakati ule haikuwa hii ya fremu za saluni. Ilikuwa mikorosho, nyumba chache zilizotawanyika, na ghala la mahindi ambako baba alikuwa karani. Tulikuwa tumetoka Njombe kwa uhamisho. Baba alikuja na barua, mama alikuja na tahadhari. Alikuwa na orodha ndefu ya mambo ambayo mtu wa bara hapaswi kuyafanya Pwani: usipokee chakula kwa mtu usiyemjua, usiitike ukiitwa mara moja, ngoja uitwe mara ya pili, usiache nywele zako kwenye kitana. Na zaidi ya yote, usimwamini mtu anayependa paka. "Mbwa analinda nyumba," alikuwa akisema, "kuku anataga. Paka anampa mtu nini? Ukiona mtu anamlisha paka, jiulize huyo paka naye anamlisha nini."

Na jirani yetu, ua kwa ua, akawa Bi Mwasiti, mwenye paka kumi na saba.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa haraka, Mzaramo wa Marui, Kisarawe, aliyepanga nyumba ile peke yake. Kazi yake ilikuwa kupika kwenye jiko la shule moja ya bweni, na kila siku saa kumi alirudi na ndoo ya vichwa vya samaki na ukoko wa ugali. Alivichemsha pamoja kwenye sufuria jeusi, bila chumvi, na harufu ile ilivuka ua, ikaingia kwetu, ikakaa kwenye mashuka. Hata leo nikipita mahali panapochemshwa vichwa vya samaki, kabla sijakumbuka chochote huwa nageuka kwanza kuona nani ananitazama.

Chakula kikipoa aligonga mfuniko kwa mwiko mara tatu. Basi walikuja kutoka upande wa ghalani, wa madoa, wa milia, weusi, wa majivu, bila mlio, wakapenya chini ya ua kama maji. Hawakuwa paka wa kushikwa. Ukinyoosha mkono, walirudi nyuma wote kwa pamoja. Yeye alisimama mbali nao, ameinua kidole, midomo ikimcheza, akiwaelekezea kidole mmoja mmoja. Nusu saa ikipita alizoa vyote vilivyobaki na kuosha vile visahani vya bati. "Chakula kikilala nje," alimwambia mama siku moja, "kinaita panya na maneno."

"Paka wako wengi, Bi Mwasiti," mama akasema, kwa ile sauti yake ya kupima maji kwa kidole cha mguu.

"Si wangu, mama. Ni wa ghala. Mimi nawahesabu tu."

Mama aliingia ndani akafunga mlango. "Umesikia?" akaniambia. "Anawahesabu. Mtu anahesabu kitu ambacho si chake kwa nini?"

Maelezo yake, ambayo nimekuja kuyajua baadaye sana, yalikuwa ya kawaida mno. Ghala lilikuwa na panya, na sumu haikuruhusiwa karibu na chakula cha watu, kwa hiyo paka walikuwa walinzi. Lakini walinzi walizaana. Vitoto vilizaliwa katikati ya magunia, macho yakagandana kwa mafua, na kila baada ya miezi michache vibarua waliwatia kwenye kiroba na kwenda kuwatupa mtoni Ruvu. Bi Mwasiti aliona kiroba kimoja kikitembea chenyewe kando ya barabara. Akaenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya, mtu mnene mwenye pikipiki nyekundu, akamwuliza kama kile anachowafanyia madume ya mbuzi hakiwezi kufanywa kwa paka. Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema kinaweza, na kwa majike pia, ila kuna kazi.

Mimi sikuyajua hayo. Mimi niliona dalili tu, na nilizichunguza kama mpelelezi aliyepewa cheo kabla ya mafunzo. Niliona kwamba kuna Jumatano ambazo mfuniko haukugongwa kabisa, na paka walikaa juani wakimtazama kwa chuki. Niliona Alhamisi yake tenga la kuku limetegwa kwa kijiti na kamba, ndani mna dagaa. Niliona paka akiingia, kamba ikivutwa, paka akirukaruka kama moto, kisha Bi Mwasiti akilifunika tenga kwa kanga, na papo hapo mnyama akinyamaza. Kwa nini anyamaze? Leo najua kwamba paka akiwekwa gizani anatulia. Wakati ule niliitazama ile kanga kwa hofu, nikajaribu kusoma maandishi yake kupitia tundu, nikiamini kwamba hayo ndiyo maneno yenyewe.

Kati ya wale kumi na saba nilikuwa na wangu mmoja, jike wa rangi ya majivu mwenye soksi nyeupe. Nilimwita Sista, kwa sababu alitembea kama mtawa anayewahi misa. Alhamisi moja aliyekuwa ndani ya tenga alikuwa yeye.

Daktari alimdunga sindano. Wakamlaza kwenye meza ya kukatia mboga, chini ya mkorosho, juu ya kitambaa kilichopigwa pasi, wakamfunika kingine cheupe mpaka shingoni. Ulimi ulikuwa nje, macho wazi, na hewa nzima ilinuka spiriti. Nilibana pumzi. Nilifikiri nitalia, na nikaanza kujiandaa kulia. Hapo ndipo nilipouona ubavu ukipanda. Ukashuka. Ukapanda tena. Nikashusha pumzi. Wakainama, wakafanya kazi yao ambayo migongo yao ilinizuia kuiona, na mwisho daktari akachukua mkasi akakata ncha ya sikio la kushoto, kipande kisichozidi ukucha. Bi Mwasiti akakiokota kile kipande kwa jani la mkorosho, akaenda pembeni, akachimba kwa kisu, akakizika. Aliosha mikono. Akaona nini kwenye uso wa daktari sijui, maana alisema, "Nami nikifa mtanizika kipande kipande? Cha mwili kinazikwa, daktari, hata kikiwa cha paka."

Siku mbili baadaye Sista alikuwa kwenye kisahani, anakula, sikio limekuwa bapa.

Sasa hebu fikirini, wenzangu wa rika langu mliokunywa uji wa bulga, ile ngano ya msaada, kwenye vikombe vya plastiki, mnakumbuka mapumziko ya shule yalivyokuwa. Mtu asiye na hadithi hakuwa na rafiki. Mimi nilikuwa mtoto wa kuja, mwenye lafudhi ya kuchekesha, na rafiki wangu mmoja tu alikuwa Zena, binti wa fundi cherehani, naye alikuwa akielekea kunichoka. Nilikuwa na paka aliyelazwa usingizi na daktari, akaamka. Hadithi hiyo nani angeisikiliza? Nikaondoa humo kitu kimoja tu. Nikaondoa pumzi.

"Alikufa kabisa?" Zena akauliza, kashata mkononi.

"Kabisa. Ulimi nje."

"Halafu?"

"Bi Mwasiti akamkata sikio, akalizika. Siku ya tatu akafufuka."

Ilikuwa siku ya pili, lakini nilikuwa mwanafunzi mzuri wa shule ya Jumapili, na nilijua kitu hicho huchukua siku ngapi.

Zena alinipa nusu ya kashata yake. Hayo ndiyo malipo yangu ya kwanza ya uandishi, na nasikitika kusema kwamba yaliyofuata hayajawahi kuwa matamu hivyo.

Wiki haikuisha, hadithi ilirudi kwangu kutoka kwa mtoto wa darasa la sita ikiwa imenenepa. Sasa Bi Mwasiti alikuwa anawaua paka makusudi na kuwafufua, na yale masikio yalipelekwa Marui kwa kazi maalumu. Nilisikiliza nikiwa nimefumbua macho kama mtu anayesikia mara ya kwanza. Kisha mtoto wa Mama Asha, nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaacha kusikia sikio moja.

Jumamosi asubuhi mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Kondo, aliita watu barazani kwake. Alikuwa mtu mpole aliyechukia kesi, na alianza kwa kukohoa mara nyingi.

"Bi Mwasiti, si kwamba tunakushitaki. Watu wanauliza tu. Masikio ya paka yanakwenda wapi?"

"Yanazikwa," Bi Mwasiti akasema.

Watu wakaguna. Hata yeye aliona kwamba halikuwa jibu la kuanzia.

"Wanafungwa kizazi," akaeleza. "Wasizaane ovyo. Sikio ni alama, ili daktari amjue aliyekwisha pasuliwa. Mkitaka kumwuliza, muulizeni."

"Daktari yuko wapi?"

"Yuko Bagamoyo, chanjo ya ng'ombe. Wiki tatu."

"Ehee!" akasema mwanamume mmoja kutoka nyuma. "Shahidi yuko Bagamoyo. Tangu lini paka akafungwa kizazi? Leo paka, kesho wake zetu!"

"Wengine tungeshukuru," mwanamke mmoja akadakia, na baraza zima likaangua kicheko, hata Mzee Kondo. Kwa sekunde kadhaa nilifikiri yameisha.

"Mimi sicheki," Mama Asha akasema. "Mwanangu hasikii sikio la kushoto. Naomba kuuliza jambo moja tu. Paka wanakatwa sikio lipi?"

Kila mtu alikuwa amewaona.

"La kushoto," akajijibu mwenyewe, akaketi.

Mzee Kondo akauliza nani hasa aliyeona paka akifa na kufufuka. Mama yake Zena akamsukuma binti yake mbele. Zena akanyoosha kidole. "Tumaini ndiye kaniambia! Aliona kwenye tundu!"

Mkono wa mama ulikuwa begani kwangu. Ulikaza. Nimeufikiria mkono ule maisha yangu yote na sijaamua kama ulikuwa unanisukuma kusema kweli au unanizuia.

"Tumaini, mwanangu," Mzee Kondo akasema, "uliona nini?"

Bi Mwasiti aliinua uso akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyomtazama paka aliyechelewa kuja kula, akikagua kama anachechemea. Akafungua kinywa. Akakifunga.

"Sikuona kitu," nikasema. "Zena ndiye aliyeniambia mimi."

Zena alichapwa kandambili na mama yake pale pale, mbele ya watu, naye hakulia. Alinikodolea macho tu, kwa mshangao, kila kandambili ilipotua.

Mwenye nyumba alimpa Bi Mwasiti siku saba. Aliondoka siku ya tano, na kazi ya jikoni akaiacha. Lori lilichukua kitanda, sufuria lake, na matenga manne yaliyofunikwa kanga. Wengine kumi na watatu walikataa kuingia kwenye tenga, au hakuwa na muda wa kuwangoja. Saa kumi iliyofuata walikuja wote. Walikaa kwenye ua mtupu, wakitazama mlango. Siku ya nne mtu alimwaga dagaa pale, nami nilifurahi kwamba kuna mwenye huruma. Asubuhi vibarua wa ghala waliwaokota kwenye mtaro. Sista alikuwa wa pili kutoka mwisho. Safari hii nilichungulia muda mrefu sana, na ubavu haukupanda.

Aliyemwaga dagaa wale wa sumu hakujulikana. Nilimshuku Mama Asha, nikamshuku mwenye nyumba, nikamshuku baba, aliyekuwa na funguo za stoo. Nilimshuku mama. Mtu aliyedanganya hawezi kuamini kwamba wengine wanasema kweli, hiyo ndiyo adhabu ambayo hakuna anayekutangazia.

Kabla ya mvua za vuli paka wapya walikuwa wamehamia ghalani, masikio yao mazima, wakigombana na kuzaa. Naye Asha alipelekwa hospitali hatimaye. Walimtoa kunde sikioni. Aliitia mwenyewe, akicheza, ikavimba. Daktari wa mifugo aliporudi kutoka Bagamoyo alisimamisha pikipiki barazani kwa Mzee Kondo, akawasomea watu wazima wote kama watoto, akasema alikuwa amebakiza paka wawili tu kumaliza kundi lile, wawili tu, na sasa wamerudi sifuri.

Mama akapata aibu. Aibu ya mama ilikuwa ya vitendo. Jumamosi moja alinivalisha gauni la kanisani, tukapanda lori la mtu wa kwaya aliyekuwa akifuata machungwa Kisarawe, tukaenda Marui kumwomba Bi Mwasiti radhi. Radhi ya nini hasa, mama hakusema. Mimi njia nzima nilikuwa natafuta uso wa kuvaa.

Tulimkuta mtu akipasua kuni jirani na nyumba yake, tukamwuliza. "Mwasiti? Pale," akasema kwa hasira. "Na mwambieni paka wake wa milia kanilia kifaranga. Angekuwa hana mwenyewe ningeshampiga rungu. Lakini sikio limekatwa!" Akaangusha shoka. "Mbuzi wangu wote nimewakata masikio, kila mtu hapa kijijini anajua alama yangu. Mnyama aliyekatwa sikio ana mtu wake. Sasa nitampiga vipi?"

Mama alisimama njiani akashika kiuno. Alikuwa mkulima kabla hajawa mke wa karani. Kwao Njombe ng'ombe walikatwa masikio vile vile. Alikuwa amelijua jambo hilo maisha yake yote, na kwa Bi Mwasiti hakulikumbuka hata siku moja.

Bi Mwasiti alitupokea vizuri, jambo lililonitisha kuliko angetufukuza. Alitandika mkeka, akaleta mihogo ya nazi. Mama alikula kwa bidii, kama anayelipa deni. Mimi nilisema nimeshiba. Aliposikia habari za kunde alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Rudi, dada," mama akamwambia. "Watu wamejua kosa lao."

"Wamelijua kwa sababu ya kunde. Isingekuwa kunde je?" Akasukuma sahani ya mihogo upande wangu. "Hapana, mama Tumaini. Hapa nimefika."

Kisha akanigeukia mimi, taratibu kabisa.

"Zena hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

"Msalimie."

Basi. Hakusema neno jingine kwangu siku ile. Na maneno hayo mawili nimeishi nayo mpaka nimeota mvi. Alijua au hakujua? Kama hakujua, kwa nini amtaje Zena? Kama alijua, kwa nini alifunga kinywa barazani? Mtu anayejua na kunyamaza anaweka akiba, ndivyo nilivyoamini, na akiba hutolewa siku moja. Nilipofeli hesabu kidato cha nne nilisema, ndiyo hiyo. Mchumba wangu wa kwanza alipooa mwingine Morogoro nilisema, ndiyo hiyo. Nina shahada mbili, nimefundisha nadharia mpaka wanafunzi wakasinzia, nimeandika makala dhidi ya imani za kishirikina zilizosifiwa na watu wasiozisoma, na wakati wote huo nilikuwa nangoja mama mmoja wa Marui amalize kuhesabu.

Simu ilipigwa siku ya tatu baada ya yule mjukuu kuandika "Nitamwambia". Ilikuwa mchana, nikisahihisha mitihani. Namba siijui.

"Haloo! Haloo! Nani mwenzangu?" Mpigaji ndiye anayeuliza, kama kawaida ya wazee.

"Tumaini hapa."

"Tumaini wa karani?"

Nilisimama. Sijui kwa nini mtu husimama. "Ndiye. Shikamoo, Bi Mwasiti."

"Marahaba. Mjukuu wangu ananiambia unawatangazia watu nimekulea."

"Nilisema hivyo, ndiyo."

"Mimi sikukulea. Mimi nilikuwa na paka kumi na saba na jicho moja kwenye ua."

Niliweka kalamu juu ya mitihani.

"Wee, jicho jeupe lile, kama yai la njiwa! Mwaka ule ua mzima niliusuka upya, tundu lako nikakuachia. Nikasema mtoto huyu mdadisi, acha aone kazi."

"Bi Mwasiti," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa na lafudhi ambayo nilidhani nimeizika zamani, "yule wa majivu. Nilijua hajafa. Nilimwona anapumua."

"Najua. Nilikusikia ulivyoshusha pumzi, kama mtu ametua kuni."

"Halafu barazani nikakana."

"Ukakana. Zena akala kandambili." Alilisema bila kulipandisha wala kulishusha, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nyuma yake jogoo aliwika, na mtu alikuwa akitwanga.

"Kwa nini ulinyamaza?" Nilikuwa napiga kelele sasa, nami nilikuwa peke yangu chumbani. "Ulikuwa na shahidi. Ungesema tu: mtoto huyu huja kila Alhamisi, ameona yote, muulizeni vizuri. Ungebaki Sofu. Paka wangebaki."

"Umesoma mpaka wapi wewe?"

"Chuo kikuu."

"Na hilo hawakukufundisha." Akavuta pumzi ndefu ya kizee. "Watu wameshaniita mchawi. Mchawi huyo huyo asimame aseme, mtoto wa jirani anakuja uani kwangu kila Alhamisi kunitazama. Watasema nini? Watasema namrithisha. Watakuacha hao? Mtoto wa miaka tisa?"

Kule upande wa pili mtwangio ulisimama.

"Mimi nilikuwa na Marui," Bi Mwasiti akasema. "Shamba la mama yangu lipo, na watu wangu wapo. Wewe, mtoto wa karani wa kutoka bara, ungekwenda wapi?"